Naomba ushauri: mkataba wa kumnoa meneja kimaadili, siri iishie wapi?

Wadau, habari za kazi. Tunaandaa mafunzo ya ana kwa ana ya uongozi wa maadili kwa mameneja wa chama cha ushirika cha zabibu hapa Dodoma. Mpango ni miezi sita, kikao cha dakika 90 kila wiki mbili, kwa kutumia maamuzi halisi yaliyoko mezani: zabuni, ajira, posho za safari, zawadi za wanunuzi. Semina ya siku moja hotelini haitoshi. Mtu anatoka na cheti, Jumatatu anasaini kama zamani.

Kinachotusumbua ni siri. Bodi ndiyo inayolipa, hivyo inataka ripoti. Meneja akijua maneno yake yatafika huko, atasema yale tu yanayopendeza, na kazi imekufa. Rasimu yetu inaruhusu bodi kupewa mahudhurio na malengo waliyokubaliana wote watatu (bodi, meneja na anayemnoa), basi. Je, meneja akitaja kikaoni rushwa inayoendelea? Tunadhani kifungu cha kuvunja siri kiandikwe wazi na kisomwe kabla ya kikao cha kwanza, maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 si ya kuchezea. Ila kiandikweje bila kumtisha mtu?

Pia kuna maoni ambayo wasaidizi wa meneja huandika kumhusu bila kutaja majina yao: wakiwa watatu tu, mwandiko wa kila mmoja unatambulika. Mnaanzia idadi gani? Na nani awachague, maana meneja akichagua mwenyewe huleta marafiki zake?

Mwenye kifungu kilichowahi kufanya kazi atuwekee maneno yake.