Tupeane uzoefu: kuediti picha ya sura ya mtu, ulipopatia na ulipochemka

Wakuu, habari za jioni. Nina kistudio changu huku Kirumba, Mwanza, mwaka wa sita sasa. Tuongelee picha za sura tu, harusi na mahafali tuziache. Naanza na aibu yangu.

Alikuja dada mmoja anataka picha ya kibunifu, aonekane kama malkia wa ziwa. Nikampiga mbele ya pazia jeusi, kesho yake alfajiri nikashuka ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga kupiga magugu maji yenye maua ya zambarau. Nikayakata kwenye Photoshop, shina moja moja, kila moja na leya yake (tabaka lake peke yake kwenye faili), nikamsukia taji. Kilichonitesa ni vivuli: jani lisipoangusha kivuli kwenye paji la uso linaonekana kama stika. Usiku mzima. Mwisho, kwa kiherehere, nikasafisha ngozi na "kurekebisha" meno.

Nikamtumia. Akapiga simu: "Kaka, taji zuri. Mwanya wangu umeupeleka wapi?"

Mwanya, wakuu! Watu wanautamani, mimi nimeuziba. Na faili nilishaliunganisha leya zote nikahifadhi JPEG, la kazi nikalifuta. Nilianza upya kwenye picha ya asili. Haya, zamu yenu.

Fundi wa Igoma: Hahaha, pole mkuu. Mimi kosa langu ni Mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani hapa Mwanza. Kijana kapigwa studio, taa imempiga usoni, anataka asimame juu ya mwamba jua likizama. Nikambandika. Mjomba wake akauliza, "Jua liko mgongoni kwake, mbona uso unang'aa hivyo?" Nilinyamaza. Siku hizi nauliza kwanza bakigraundi gani, ndipo napanga taa. Kama jua litakuwa nyuma, taa naweka nyuma, mbele naweka ubao mweupe tu wa kurudisha mwanga kidogo.

Mzee wa Filamu: Wanangu, msidhani mambo haya yameletwa na kompyuta. Photoshop imetoka 1990, na hizo leya mnazojivunia zikaja 1994. Sisi tulikuwa na penseli. Unaichonga ncha iwe kama sindano, negativu (ile filamu ambayo peusi panaonekana peupe na peupe peusi) unailaza juu ya kioo chenye taa chini, unagusa pale penye mkunjo. Mkunjo kwenye negativu unakuwa hafifu. Penseli inapaongezea giza, ukichapa karatasi panatoka peupe. Ukikandamiza sana, mteja anatoka na madoa ya ukoma. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Fundi wa Igoma: Shikamoo mzee. Hapo sina la kuongeza.

Dada wa Nyegezi: Mimi natumia simu tu, app ya Snapseed. Bibi yetu alipofariki, picha pekee ilikuwa ya kitambulisho, ndogo, imechakaa. Niliondoa mikwaruzo, nikaongeza mwanga usoni, na bila kujua nikamfanya mweupe. Mama alipoiona alisema, "Huyu ni nani?" Nikarudi. Safari hii nilipandisha mwanga kwenye macho na upande mmoja wa shavu tu, weusi wake nikauacha. Mikunjo pia niliiacha yote. Mama aliishika muda mrefu, akaenda nayo chumbani.

Kijana wa Buzuruga: Mnahangaika bure, AI inamaliza hayo kwa sekunde mbili.

Dada wa Nyegezi: Nilijaribu, mdogo wangu. Ilileta bibi mzuri sana, ila siyo wetu.

Mchapaji wa Makoroboi: Mimi kilio changu ni kimoja. Mnaediti vizuri, halafu mnanitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshabanwa. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508. Tumeni kama dokumenti, jamani, au njooni na flashi.

Mwenye uzi: Mchapaji, tumekusikia. Mzee, nitakutafuta, nataka kuona hiyo penseli inavyoshikwa. Na yule dada wa taji, picha yake yenye mwanya nimeitundika mlangoni kwa ruhusa yake. Kila wiki hakosi mtu wa kuingia kuuliza taji lile linauzwa wapi.