Naomba ushauri: Dar mpaka Matema kwa IST, na baba mkwe aliyekuwa utingo yumo ndani

Baba Nai
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Niende moja kwa moja maana nimebakiza wiki mbili tu.

Nina IST ya cc 1300, namba D, nimeitunza, kazi yake kubwa ni Segerea–Kariakoo na Jumapili kanisani. Likizo hii ya mwezi wa saba nimepanga kwenda Matema, ufukweni Ziwa Nyasa kule Kyela, kwa barabara, mimi na mke wangu na binti yetu Nai wa miaka 7. Plani ilikuwa tamu kweli, tunapita Mikumi mtoto aone twiga, tunalala Iringa, kesho yake Isimila kwenye zile nguzo za udongo, tunashuka Tukuyu mdogo mdogo huku tunapiga picha, tunafika ziwani bado tunapendana.

Sasa baba mkwe. Mzee ana miaka 73, alikuja Dar mwezi wa nne kutibiwa macho, kapona, anataka kurudi kwake Kyela. Kasikia tuna safari kasema "basi mmenirahisishia". Hapo sina neno, ni baba yangu. Shida ni kwamba ujanani mzee alikuwa utingo wa malori ya Zambia, 1971 mpaka 1976, na ile barabara anaiona kama sebule yake. Nimemgusia kulala Iringa kaniuliza "Iringa kuna msiba?" Anataka tutoke saa 9 usiku na tulale Kyela siku hiyo hiyo. Af jambo lingine, nasema kwa heshima zote, mzee kila baada ya saa moja lazima achimbe dawa, sasa hiyo siku moja sijui anaipigia hesabu gani.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: IST itapanda mlima Kitonga na watu wanne na mizigo? Siku moja inawezekana au mzee ananipima? Na baba mkwe unamwambiaje hapana ndoa isitikisike? Nawasilisha.

Mzee wa Kona
Panda ndege mpaka Songwe mkuu, saa moja na kitu uko Mbeya. Mambo ya kuteswa na wakwe barabarani ya nini.

Baba Nai
@Mzee wa Kona tiketi nne kiongozi, nne. Na twiga haonekani kutoka juu.

Fundi Spana
IST kupanda inapanda, hilo toa wasiwasi, kinachoua magari ya Dar pale Kitonga ni rejeta. Gari miaka yote inakunywa maji ya bomba, mjini haichemshi kwa sababu haijawahi kupandishwa mlima wa maana, siku ikikutana na Kitonga nyuma ya semi inayotambaa, jua la saa 8, AC inavuma, ndo unaona mtu kafungua boneti anapepea na khanga ya mkewe. Kabla hujatoka mwaga hayo maji, weka kulanti, kagua kifuniko cha rejeta (mpira wake ukichoka hakishiki presha), washa gari uone feni inaingia yenyewe au inasubiri kubembelezwa. Ukianza kupanda zima AC. Ikichemka paki, acha ipoe, usifungue kifuniko ikiwa ya moto, nina shemeji yangu ana alama shingoni mpaka leo. Na spea tairi uijaze upepo. Watu wanasafiri na spea imelala kama chapati.

Semi Haina Rivasi
Nipo barabara hiyo kila wiki, Dar–Tunduma, nisikilize mdogo wangu. Siku moja kwa dereva mmoja na mtoto ndani ya gari USIJARIBU. Dar–Iringa ni kama kilomita 500, hapo umeshakula saa 9 au 10 kwa sababu ya vijiji vya 50, matuta na sisi wenye malori. Iringa mpaka Uyole ni zaidi ya 300 nyingine. Ukitoka saa 9 usiku Uyole unaingia giza linashuka, na mzee haendeshi, unaendesha wewe. Pale Uyole huendi mjini Mbeya, unakata kushoto, unapanda Isongole na kule kuna ukungu, kuna siku taa za mwenzako unaziona akiwa ameshakufikia puani. Halafu ndo unaanza kushuka mikona mpaka Tukuyu. Mzee anasema kweli kwamba walikuwa wanaenda, lakini walikuwa wanalala barabarani siku tatu nne, muulize vizuri.

Mbuga ya Mikumi barabara inaikata katikati kama kilomita 50, mwendo 70 mchana na 50 usiku, na kuna kibao kimeorodhesha faini kwa mnyama mmoja mmoja ukimgonga, kisome ukiwa umekaa. Halafu mule ndani hakuna kushuka kwenye gari, kwa hiyo mzee amalize kuchimba dawa Doma, kinachofuata ni Mikumi mjini. Hii iandike mkononi.

Na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, kila penye kibao cha 50 nenda 50. Mimi mwenyewe mwezi uliopita 30,000 imenitoka kwa kuwa na haraka na chai.

Behewa la Mwisho
Mbona hamsemi TAZARA? Unapandia pale Nyerere Road na Mandela, treni inapita ndani ya Hifadhi ya Nyerere, mtoto anaona wanyama amelala kitandani, mzee ana choo chake humo humo. Reli ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, watu wanatoka Ulaya kuja kuipanda nyie mnaiacha.

Baba Nai
@Behewa la Mwisho wazo zuri, nimempelekea mzee muda huu huu. Kacheka. Anasema reli ilipofunguliwa 1976 shaba ikahamia kwenye mabehewa, yeye na tajiri wake wakahamia kubeba mpunga, ndo akarudi Kyela akaoa. Kwa hiyo bila reli mimi nisingekuwa na mke, lakini bado hapandi.

mama_migomba
Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Shukuru wewe ni mkwe wa kiume. Kwetu Unyakyusani zamani mkamwana alikuwa haruhusiwi hata kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake, bibi yangu akimsikia mzee anakohoa njiani alikuwa anajitupa kwenye migomba na ndoo yake ya maji kichwani. Sasa nyie mnakwenda kupanda IST moja mnagusana magoti.

Ushauri wangu, hapana usiseme kabisa. Wala neno hoteli usilitaje, mzee wa aina hiyo ukimwambia hoteli anasikia unamwambia amezeeka. Mwambie hivi: baba, huyu Nai anataka umwonyeshe mlipokuwa mnalala na lori. Basi. Utaona atasimamisha gari mwenyewe. Na kiti cha mbele ni chake, mke akae nyuma na mtoto asinune.

Mzee wa Kona
Hii ya mama_migomba ina akili kuliko gari lenyewe.

Mvua ya Tukuyu
mkuu mimi wa huko huko, beba masweta, mwezi wa saba Iringa, Makambako na Uyole baridi inaingia mpaka kwenye meno, af ukishuka Kyela unayavua yote joto kama Kariakoo. Ukiwa Tukuyu usikose Daraja la Mungu, ni mwamba wa volkano umejilaza wenyewe juu ya mto Kiwira, mto unapita chini, sio mbali na barabara kuu. Ziwa Ngosi ni zuri sana lakini lipo ndani ya kreta, unapanda msituni kwa miguu na njia inateleza, mzee wa 73 na mtoto wa 7 mtabebana. Kwenda Matema unaingilia Kikusya, unapita Ipinda, lami ipo, IST inateleza tu. Matema kuleni samaki mbasa, achaneni na kuku, kuku mnao Segerea. Mchele nunueni huko huko maana huu unaouzwa Dar umeandikwa Kyela kwenye mfuko, mwingine Kyela yenyewe haijui. Na mkeo akiona vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe ndo hapo safari itaharibika.

Baba Nai
Wakuu MREJESHO. Nipo Iringa, ndiyo, Iringa, tumelala, mzee kalala toka saa 2 usiku.

Nilifuata ya mama_migomba neno kwa neno. Tumetoka saa 11 alfajiri, Mlandizi mzee kimya, Chalinze mzee kimya, Morogoro kaanza. Macho yamepona kweli jamani, kila semi inayokuja anasoma namba kwa sauti, "Zambia huyo, Kongo huyo, huyu mwongo gari bovu". Doma tukachimba dawa wote kwa amri ya uzi huu. Mikumi tukaona twiga sita, pundamilia, na tembo mmoja kageuza mgongo. Nai kauliza babu mlikuwa mnalala wapi, kumbe ndo nimefungulia bomba, tangu hapo kila mti una hadithi yake, hapa tulikatika ekseli, hapa dereva alimkimbia simba kumbe ni mbwa. Kuna lori mbele likawa linawasha indiketa ya kulia mimi nikadhani linakata kona nikataka kulipita kwa kushoto, mzee kanishika mkono, kasema anakwambia mbele kuna gari inakuja, akiwasha ya kushoto ndo upite. Nimeendesha miaka tisa sijui hilo. Mbele kidogo matawi ya miti yamewekwa barabarani, akasema punguza, kona inayofuata kuna lililokufa. Tumekata kona, lori hilo hapo, limelala na mzigo wake.

Sasa Kitonga. @Fundi Spana kulanti niliweka, feni inafanya kazi, AC nilizima, ila tulikaa nyuma ya semi mbili zinatambaa na katikati ya mlima joto la injini likaanza kupanda. Mzee kasema "simama pale pana upana". Kabla sijavuta hendibreki vizuri kashafungua mlango. Nikajua anakwenda kuchimba dawa. Kumbe kaenda ukingoni, kachagua jiwe, kalitupa, kachukua jingine, kaja nalo kifuani akaliweka nyuma ya tairi ya kushoto, akalipiga teke likabana. Kigari chenyewe IST! Akajifuta mikono kwenye suruali ya kitambaa aliyonunuliwa kwa ajili ya safari, akasimama pembeni ya gari. Semi iliyokuwa nyuma yetu ikapita taratibu, utingo wake kanyoosha mkono dirishani, na mzee akanyoosha wake. Hawakusemeshana. Mke wangu yuko nyuma anafuta machozi, mimi najifanya naangalia injini.

Dakika 20 tukaondoka. Ilula kanunua nyanya tenga zima, sijui tunazipeleka wapi. Kufika Iringa kasema mwenyewe "hapa tulikuwa tunalala, tafuta chumba".

Semi Haina Rivasi
Huyo mzee mkataba asaini aje kwangu. Tenga la nyanya msiweke chini, litakuwa mchuzi Makambako.

mama_migomba
Ndaga fijo (asante sana) kwa mrejesho. Na mke wako mwambie nimelia naye.

Fundi Spana
Dakika 20 zimetosha? Asubuhi ikiwa imepoa angalia kiwango cha kulanti. Ikipungua kuna mahali inavuja, usinitaje.

Baba Nai
Wakuu, mrejesho wa mwisho, nipo Matema siku ya tatu. Kulanti haikupungua @Fundi Spana. Isimila tulikwenda, mzee kazitazama zile nguzo akasema mvua imefanya kazi bila kulipwa. Kalenga hatukufika, fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954 kwa hiyo nimemwambia mke halitaondoka tena, tutalikuta mwakani. Ukungu wa Isongole ni kweli kabisa, saa 9 mchana nimewasha taa, usiku ningeparamia nyumba ya mtu. Ziwa limetulia, milima ya Livingstone imeinuka pale pale kwenye maji, Nai amegoma kuvaa viatu tangu tufike.

Nina maswali mawili mapya. La kwanza, mke amenunua vyungu vinne vya Ikombe, vinabebwaje kwenye IST? La pili, mzee tumeshamfikisha kwake, mama mkwe kampokea, kila kitu safi, leo asubuhi kaja na begi. Anasema kupanda Kitonga ni utoto, kazi ipo kwenye kushuka, na hatuwezi kushuka bila utingo. Anataka atusindikize mpaka Ruaha Mbuyuni, af apande basi arudi. Mama mkwe kasema yeye hayumo.

Mvua ya Tukuyu
vyungu vifungeni kwa majani makavu ya migomba, kimoja ndani ya kingine kama vinaingiana, visigusane vyenyewe kwa vyenyewe

Semi Haina Rivasi
Kasema kweli. Kushuka Kitonga weka gia ndogo toka juu kabisa, 2 au L, usiishi kwenye breki, breki ikipata moto hutaisikia tena. Mbebe.

Mzee wa Kona
Chagua mkuu, mzee au vyungu.

Baba Nai
Nimempelekea. Kasema viwili atapakata, hivyo vingine ni shida yenu.