Watu 10, magari mawili, Adelaide hadi Alice Springs: tufuate lami au Oodnadatta Track?

Mwendo_Pole aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu vizuri Australia ya ndani. Tunapanga safari ya familia mbili pamoja na marafiki wawili. Tupo 10: wakubwa sita, watoto wanne (miaka 3, 5, 9 na 13). Tunaanzia Adelaide mwezi Julai, tunaishia Alice Springs, na Uluru, ule mwamba mkubwa, lazima tufike. Tuna siku 12. Magari ni 4x4 mawili ya dizeli ya kukodi, watu watano kila gari. Kulala ni hema siku nyingine, vyumba siku nyingine.

Nusu ya kundi wanataka Stuart Highway, barabara kuu ya lami, mwanzo mwisho kwa sababu ya watoto. Nusu wanataka Oodnadatta Track, njia ya vumbi kutoka Marree mpaka Marla. Kipi kinafaa? Mafuta na maji tubebe kiasi gani? Na magari mawili yanaendaje pamoja sehemu ambazo simu haishiki?

---

Tai_wa_Kusini alijibu:

Mkuu, umechagua mwezi mzuri. Julai mchana jua ni la kustahimilika, ila usiku kuanzia Coober Pedy kwenda juu baridi inaweza kushuka hadi sifuri au chini yake. Julai pia kuna likizo za shule, kwa hiyo kambi ya Yulara, pale jirani na Uluru, weka nafasi mapema kabla hata hujalipia magari.

Stuart Highway yote ni lami. Adelaide hadi Port Augusta ni kama km 310, Port Augusta hadi Coober Pedy kama km 540, na Coober Pedy hadi Yulara kama km 735, ukikunja kushoto pale Erldunda. Ni barabara rahisi, lakini siku nzima unatazama mstari mweupe tu, na uchovu wa namna hiyo ndio unaosinzisha madereva.

Oodnadatta Track ni kama km 620 za vumbi na changarawe, na inafuata njia ya reli ya zamani ya Ghan. Vituo vya mafuta vipo Marree, William Creek, Oodnadatta na Marla, kila kimoja takriban km 200 kutoka kwa mwenzake.

Ushauri wangu: msichague moja kati ya hizo mbili. Pandeni kupitia milima ya Flinders hadi Marree, fuateni Track mpaka William Creek, kisha kunjeni kushoto kwenda Coober Pedy, km 166 tu, mrudi kwenye lami. Kipande hicho cha Marree hadi William Creek ndicho chenye vitu vingi: sehemu ya kusini ya ziwa Kati Thanda–Lake Eyre inaonekana kutoka barabarani, kuna chemchemi za Blanche Cup na Bubbler ambapo maji yanabubujika katikati ya ukame, na kambi ya Coward Springs yenye bwawa dogo la maji ya chini ya ardhi ambalo watoto watalipenda. Juu ya William Creek hadi Marla ni pazuri pia, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hizo km 400 zaidi za kutikisika hazina faida ya kutosha.

Jambo moja la kuweka akilini: mvua. Track ikinyeshewa udongo unageuka utelezi, na serikali inaifunga. Ubao wa hali ya barabara upo Lyndhurst, Marree na Marla. Ukisema imefungwa, imefungwa, na kupita ni kosa lenye faini. Acheni siku moja au mbili bila mpango wowote. Hizo ndizo mtakazotumia kusubiri njia ikauke au kurudi Port Augusta na kuzunguka kwa lami.

---

Spea_Mbili alijibu:

Naongezea upande wa magari.

Kwanza mkataba. Usisaini kabla hujaona kwa maandishi kwamba barabara ya vumbi inaruhusiwa, na jina la barabara yenyewe liandikwe. Mikataba mingi inaruhusu 4x4 kutoka kwenye lami lakini inataja njia fulani tu, na mingi inakataza kuendesha usiku nje ya miji. Matairi, kioo cha mbele, uvungu wa gari na uharibifu wa maji mara nyingi havimo kwenye bima ya kawaida, na hivyo ndivyo vinavyoharibika kule. Kabla ya kutoka kwa wakodishaji, toeni jeki, spana ya magurudumu na ufunguo wa nati za usalama kama zipo, kisha legezeni nati moja moja kila gurudumu mhakikishe inafunguka kwa mkono. Nati iliyokazwa kwa mashine haifunguki kwa spana fupi ukiwa porini.

Mafuta: mkuu, msibebe madumu. Piga hesabu. 4x4 ya dizeli yenye mzigo kwenye changarawe itakula lita 12 hadi 14 kwa km 100. Hata mkikuta kituo kimoja kimeishiwa na kulazimika kuruka hadi kinachofuata, ni kama km 400, yaani lita 56. Tanki la lita 80 linatosha na salio. Jazeni kila kituo hata kama tanki lina nusu. Dumu mbili za lita 20 zingewaongezea karibu kilo 40 kwa kazi ambayo tanki tayari linaifanya. (Wa petroli wajue kwamba sehemu nyingi za katikati ya nchi kuna petroli iitwayo Opal, iliyoletwa kuzuia watu kuinusa ili kulewa. Haina madhara kwa injini inayotumia petroli ya kawaida.)

Uzito ndio unaowashinda wengi. Tazameni uzito wa juu unaoruhusiwa, toeni uzito wa gari tupu. Tuseme mmebaki na kilo 650. Watu watano kilo 350, maji kilo 60, tairi la pili la akiba kilo 35. Mmebakiwa na kilo 205 za hema, friji, chakula, vifaa na mabegi yote. Zinaisha haraka kuliko mnavyodhani. Keria ya juu nayo ina kikomo chake, na kwenye vumbi kikomo hicho kinapungua. Juu wekeni vyepesi tu, kama hema na magodoro.

Sasa matairi. Mkiacha lami, simameni mpunguze upepo. Kama tairi likiwa baridi lilikuwa na PSI 36 (PSI ni kipimo cha upepo), shusheni hadi 28, na mwendo usizidi km 80 kwa saa. Tairi laini linalikumbatia jiwe. Tairi gumu linatobolewa nalo, na vile vituta vya mfululizo vinaitikisa gari mpaka boliti zinalegea. Baada ya nusu saa pimeni tena. Upepo ukiwa umepanda kwa PSI 4 hivi, mko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi linapata joto: ongezeni kidogo au punguzeni mwendo na mzigo. Ukipanda chini ya hapo, mnaweza kupunguza PSI moja au mbili. Mkirudi kwenye lami, jazeni upya kabla ya kukimbia. Kila gari liwe na pampu yake ya kuchomeka kwenye betri na kipimo chake.

Kinachoua matairi kule ni pancha ndogo ambayo dereva haisikii kwa sababu gari lote linatetemeka. Anaendelea km 5, ubavu unasagika, tairi halina maana tena. Vijiti vya kuzibia pancha vinafanya kazi sehemu ya kukanyagia tu, ubavuni havishiki. Ndiyo maana mnahitaji tairi mbili za akiba kila gari, hasa mkiamua kumaliza Track nzima. Simameni kila saa, zungukeni mkigusa kila tairi na kila rimu kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo kuna tatizo. Na bebeni kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30 cha kuweka chini ya jeki, maana ardhi laini inaimeza.

---

Mwongoza_Msafara alijibu:

Suala la kwenda pamoja. Wekeni redio koo ya UHF kila gari, wati 5, na antena ya nje. Ya mkononi ndani ya bodi ya chuma haifiki mbali. Chaneli 40 ni ya malori na barabara kuu. Sikilizeni lakini msiijaze soga za familia. Chaneli 18 hutumiwa na wasafiri na misafara, ongeeni hapo. Chaneli 5 na 35 ni za dharura peke yake, na kuzitumia kwa mazungumzo ni kosa kisheria.

Kwenye vumbi gari la nyuma likae mbali, mita 500 au hata kilomita, kutegemea upepo. Kukaribia ni kuendesha ndani ya wingu. Gari la mbele linatangaza kila kitu: lori linakuja, ng'ombe upande wa kushoto, korongo mbele. Na sheria isiyovunjwa: kwenye kila njia panda gari la mbele linasimama mpaka lilione la nyuma kwa macho. Kusikia kwenye redio hakutoshi.

Maji, chakula na dawa vigawanywe nusu kwa nusu. Msiweke maji yote gari moja na friji yote gari lingine. Mkipotezana au moja likikwama mbali, kila kundi lazima lijitegemee.

Malori yenye matela matatu au manne hufikia mita 53.5. Kwenye lami msijaribu kuyapita bila kuona zaidi ya kilomita moja mbele iko wazi. Muulizeni dereva kwenye chaneli 40, mara nyingi anajibu. Mkikutana nalo kwenye vumbi, sogeeni kushoto, washeni taa, simameni, na msiondoke mpaka vumbi litulie kabisa, maana nyuma yake linaweza kuja gari jingine. Kusimama kunaokoa kioo pia: jiwe linaumiza kwa mwendo wenu na wa lori ukijumlishwa.

Julai huko jua linazama kabla kidogo ya saa 12 jioni na kuchomoza kama saa moja na nusu asubuhi. Ondokeni saa 2, na saa 11 jioni magari yawe yamezimwa. Kangaruu hutoka kula machweo na alfajiri. Akiruka mbele, funga breki ukiwa umenyooka. Msikunje usukani, kwa sababu 4x4 yenye mzigo juu hupinduka. Tai akiwa kwenye mzoga, punguza mwendo mapema, anachelewa kuinuka.

Kodini kifaa cha dharura cha setelaiti cha masafa ya 406 MHz, na simu ya setelaiti kama bajeti inaruhusu. Simu za kawaida zinashika mijini tu, na mtandao wa Telstra ndio wenye eneo kubwa zaidi. Likitokea la kutokea, hakuna mtu anayeondoka kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

---

Mama_Chausiku alijibu:

Ndugu yangu, wote wamesahau viti vya watoto. Australia mtoto chini ya miaka 7 lazima awe kwenye kiti kilichoidhinishwa kwa kiwango cha AS/NZS 1754. Kiti mlichokuja nacho kutoka nje, hata kiwe kipya na cha bei, hakikubaliki kisheria. Wa miaka 3 anahitaji kiti chenye mikanda yake kinachotazama mbele. Wa miaka 5 anaweza kukaa kwenye kiti hicho au kile cha kumnyanyua. Agizeni pamoja na gari, na msiwaweke wawili hao kwenye gari moja: viti viwili pamoja na mtu mzima katikati ni kubanana, na baada ya saa mbili kila mtu analia.

Maji kwa Julai: lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, akiba ya siku mbili. Kwa watu watano ni lita 50, ndiyo maana kilo 60 za mkuu hapo juu ziko sawa. Kiangazi ningesema lita 10. Gawanyeni kwenye madumu madogo ya lita 10, moja likipasuka mnabaki na mengine. Maji ya bomba kwenye vituo vingi ni ya visima na yana chumvi. Ulizeni kabla ya kujaza.

Coober Pedy shikeni watoto mikono. Nje ya mji kuna mashimo ya wachimba opali (vito), mengi hayana uzio, na mabango yanaonya hata kurudi nyumanyuma ukipiga picha. Uluru kupanda mwamba kumepigwa marufuku tangu Oktoba 26, 2019, kwa heshima ya Waanangu wenyeji. Kuuzunguka wote ni km 10.6, kwa wadogo tosheka na Mala Walk, km 2 kwenda na kurudi. Pale penye bango la kukataza picha, weka simu mfukoni.

---

Mwendo_Pole:

Asanteni sana. Wenzangu wawili bado wanang'ang'ania Track nzima. Inahitaji kibali? Na ile njia ya Kings Canyon kwenda Hermannsburg?

---

Tai_wa_Kusini:

Oodnadatta Track ni barabara ya umma, haihitaji kibali. Ukichepuka kuingia hifadhi ya Witjira ndipo kibali kinatakiwa. Kings Canyon hadi Hermannsburg, yaani Mereenie Loop, inapita ardhi ya wenyeji: kibali unanunua njiani kwa bei ndogo, ila kwanza soma tena mkataba wa gari, maana njia hiyo mara nyingi imo kwenye orodha ya zilizokatazwa.

Kuhusu wenzako, uamuzi ufanyike William Creek. Kama hakuna mvua kwenye utabiri wa siku tatu, tairi zote nne za akiba za msafara bado nzima, na yule wa miaka mitatu hajatapika, songeni Oodnadatta. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kunjeni kushoto.