Wauza mkorogo, acheni kuwauzia watu wenye mashimo ya chunusi "dawa ya kufuta makovu"

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira. Kila ukipita mitandaoni unakutana na kopo jeupe lisilo na lebo na ahadi ileile: linaondoa chunusi, madoa, makovu na mashimo ndani ya siku 7. Ni uongo. Doa na kovu ni vitu viwili tofauti, na anayekuuzia krimu moja ya vyote ama hajui anachouza, ama anajua na hajali.

Jipime mwenyewe. Zima taa ya chumba, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu na umulike shavu kutokea pembeni. Pakiwa na weusi tu bila kivuli, hilo ni doa: kipele kilipowaka ngozi ilimwaga rangi, ila chini ni nzima. Pakiwa na kivuli, pamebonyea. Uvimbe umekula kolajeni (nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi), na hakuna krimu itakayolijaza shimo hilo. Mchubue mtu hadi awe mweupe kama karatasi, mashimo yatabaki palepale.

Koponi mna nini? Mara nyingi ni steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi) au zebaki. Wiki mbili za kwanza uso unang'aa na chunusi zinanywea, mteja anapiga picha na kuleta wenzake. Kumbe steroidi imezima uvimbe tu. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vyekundu vinachomoza, vinyweleo vinaota mashavuni. Ukiacha, vipele vinarudi kwa fujo, na kila kipele kipya kinaacha doa lake. Haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu-kijivu ambao ni mgumu mno kutoka. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na bado zinapangwa mezani mchana kweupe!

Nanyi wa maduka ya dawa, tyubu iliyoandikwa "clobetasol" ni steroidi kali, si losheni ya uso. Mnaitoaje bila cheti cha daktari?

Sasa kinachofanya kazi. Chunusi zizimwe kwanza, kwa sababu kutibu makovu huku vipele vinaendelea kutoka ni kudeki huku bomba linavuja. Asubuhi paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, dawa inayoua bakteria wa chunusi (itachuja rangi ya taulo na foronya, jiandae). Usiku adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya kupaka inayozuia vitundu vya ngozi kuziba, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, si kudonoa kipele kimoja kimoja, na ngozi iwe imekauka kabisa. Anza usiku mmoja, ruka miwili. Wiki za mwanzo ngozi itakauka na kubanduka, na hapo ndipo wengi wanaacha. Hesabu wiki 12 kabla ya kuhukumu. Mjamzito asiguse adapalini. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ndiyo yake, na inasaidia hata madoa.

Doa linahitaji kinga ya jua kila siku, SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 kwenda juu, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo. Kwa ngozi nyeusi chagua yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida unakoleza weusi. Bila hiyo, dawa zote ni kutwanga maji. Ndimu na magadi vinaunguza, na palipoungua panazidi kuwa peusi.

Mashimo ni kazi ya daktari wa ngozi, na kila shimo lina dawa yake. Yale membamba yaliyozama kama yamechomwa sindano hutiwa TCA kali, asidi inayounguza ngozi, tone dogo kwa ncha ya kijiti, ndani ya shimo tu. Kuna watu wanainunua na kujipaka uso mzima. Ile ni ajali ya moto. Mabonde mapana yanavutwa na nyuzi zilizo chini ya ngozi, kwa hiyo sindano inapitishwa humo kuzikata. Mashimo mengine hutibiwa kwa kutoboa ngozi kwa visindano vya milimita 1.5 hadi 2.5, vikao 3 hadi 6, wiki 4 hadi 6 kati ya kikao na kikao. Hata hivyo yanapungua tu, hayafutiki yote. Kirola cha nyumbani chenye visindano ukikipitisha juu ya vipele vibichi unasambaza usaha, na kuazimana ni kuambukizana magonjwa ya damu. Leza kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha madoa mapya, hivyo muulize anayeishika amewahi kutibu ngozi kama yako.

Kovu lililovimba tayani au kifuani likikua kupita jeraha lenyewe ni keloidi. Halikatwi kienyeji, litarudi kubwa zaidi. Huchomwa na daktari sindano za triamsinoloni, aina ya steroidi, kila wiki 4 hadi 6.

Muuzaji anayebisha aweke hapa picha ya lebo ya kopo lake, viambato vyote na asilimia zake visomeke. Tunasubiri.