Ulinganisho: programu ndogo za kompyuta ya nyumbani, zipi zibaki na zipi ziondoke?

Kibodi_Nyeusi
Wakuu, habari zenu. Kompyuta yetu ya nyumbani ina Windows 11 na SSD (diski ya kielektroniki) ya GB 256. Inatumiwa na familia nzima, na nafasi iliyobaki haifiki GB 10. Nikiomba ushauri naishia kupewa orodha ndefu ya programu, na mimi sitaki kuijaza mashine kwa programu za kuisafisha. Naombeni ulinganisho kwa kazi hizi tu: kujua kilichokula diski, kusafisha, kufungua mafaili yaliyobanwa, kutafuta faili lililopotea, na kutunza nywila. Tajeni mnachotumia, na mseme mmekiacha kipi kwa ajili yake.

Fundi_wa_Zamu
Mkuu, naanza na diski maana ndiko kwenye maumivu. Usifute chochote kabla hujaona. Zinazotajwa zaidi ni WizTree, WinDirStat na TreeSize Free, na zote zinafanya kazi moja: zinakuonyesha folda ipi ina GB ngapi.

Tofauti kubwa ni kasi. WizTree haipiti folda moja moja. Inasoma jedwali la MFT, ambamo NTFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski za Windows, huandika habari za kila faili, kwa hiyo diski yenye mafaili laki kadhaa inamalizika kwa sekunde chache. Ndiyo sababu inaomba ruhusa ya msimamizi. Kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, ambayo ni mifumo mingine ya kupanga mafaili, jedwali hilo halipo, na kasi hiyo huioni. WinDirStat ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), na mchoro wake wa viboksi vya rangi anauelewa hata asiyezoea folda: kiboksi kikubwa, faili kubwa. Toleo la 1 lilikuwa zito sana, la 2 limechangamka. TreeSize Free inampendeza anayetaka namba kuliko michoro.

Mimi ninaweka WizTree. Ila ukiifungua utakutana na vitu vitatu vya kutisha, usivikimbilie. *hiberfil.sys* ni faili ambamo Windows huhifadhi hali ya mashine inapolala kabisa. *Windows.old* ni mfumo wa zamani uliobaki baada ya kupandisha toleo, na kwa kawaida Windows huufuta yenyewe baada ya siku 10. *WinSxS* huonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu mafaili yake mengi ni yaleyale yanayoonekana pia kwenye folda nyingine za mfumo, yakahesabiwa mara mbili. Hiyo usiiguse kwa mkono hata siku moja.

MamaPacha
Asante Fundi. Mimi nimekuta CCleaner kwenye kompyuta tuliyoachiwa na ndugu, na kila wiki inaniambia kuna mamia ya makosa kwenye rejista. Nisafishe au niiache?

Jicho_la_Tatu
Mama, rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows na programu zake, iache kabisa. Microsoft wenyewe wameandika wazi kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Hayo "makosa" mengi ni mistari iliyoachwa na programu zilizoondolewa. Uzito wake ni kilobaiti, haiongezi kasi wala nafasi. Lakini ukifuta mstari mmoja usio sahihi, programu nzima inaweza kugoma kufunguka, na hutajua iligoma kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mtu hapa alijue. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner lilitoka kwenye seva za watengenezaji wenyewe likiwa na programu hasidi ndani yake, na kompyuta zaidi ya milioni 2 zililisakinisha kabla halijagundulika. Kasoro ile ilirekebishwa zamani, na silitaji hili ili kuwasulubu. Nalitaja kwa sababu programu ya kusafisha hupewa ruhusa ya juu kabisa kwenye mashine. Kwa hiyo swali la kwanza si kama inasafisha vizuri. Swali ni kama kazi hiyo inahitaji programu ya nje.

Kwa nyumba nyingi haihitaji. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Hifadhi. Pale kuna orodha ya mafaili ya muda na kitu kinachoitwa Storage Sense, ambacho ukikiwasha kinafuta mafaili hayo chenyewe. Angalizo moja: kwenye orodha ile folda ya Downloads nayo imo. Usiiwekee alama kama watu wa nyumbani wanahifadhi kazi zao humo, na wengi ndivyo wanavyofanya.

Bofya_Mbili
Jicho, hapo kwenye kusafisha nakupinga kidogo. Kompyuta ya watu wengi ina suala la faragha pia, si nafasi pekee. BleachBit ni huria, haina matangazo, na inakuonyesha faili kwa faili itakachofuta kabla hujabofya. Inasafisha kashe (mafaili ya muda ya kurasa) na historia za vivinjari vyote kwa mkupuo mmoja. Storage Sense haifanyi hivyo.

Jicho_la_Tatu
Kwa faragha nakubali, BleachBit ni bora kuliko CCleaner. Nitaongeza masharti mawili tu. Usiwekee alama sehemu ya nywila za kivinjari, maana zikifutwa zimekwenda. Na usitumie chaguo la kufuta nafasi tupu kwenye SSD: linaandika diski nzima bila faida, wakati Windows tayari inaiambia SSD sehemu zipi hazitumiki kupitia TRIM. Kwa mtu mmoja mwenye akaunti yake, bado nasema hahitaji. Kila mwanafamilia akipewa akaunti yake ya Windows, nusu ya tatizo la faragha inaisha hapo hapo.

Kibodi_Nyeusi
WizTree imeshasema. Folda ya video za simu ina GB 70, na ndani yake kuna nakala za nakala. Sasa nikizibana kwa zipu nitaokoa kiasi gani?

Mwanafunzi_Daima
Karibu na sifuri, mkuu. MP4 na JPEG zimeshabanwa tangu zilipotoka kwenye kamera. Kubana kunasaidia maandishi, majedwali na picha za BMP. Video zihamishie kwenye diski ya nje, na hizo nakala zifute.

Lakini programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa utaihitaji hata hivyo. Mimi niko upande wa 7-Zip dhidi ya WinRAR. 7-Zip iliandikwa na Igor Pavlov, ipo tangu 1999, ni huria na haikuulizi leseni. Inafungua RAR ingawa haiwezi kuitengeneza. Ukitaka kufunga nyaraka za familia kwa nywila, tumia muundo wa 7z wenye AES-256 (usimbaji imara wa kufunga data), kisha weka alama kwenye chaguo la kuficha majina ya mafaili. Bila alama hiyo, mtu haoni yaliyomo lakini orodha ya majina anaisoma, na wakati mwingine jina la faili linasema yote.

Bofya_Mbili
WinRAR ina kitu kimoja ambacho 7-Zip haina: rekodi ya uokoaji. Faili likiharibika kidogo kwenye diski mbovu, RAR inaweza kujitengeneza. Kwa anayehifadhi kumbukumbu za muda mrefu hilo si dogo.

Mwanafunzi_Daima
Kweli, nakupa haki yako hapo. Kwa matumizi ya kila siku ya nyumbani bado nabaki na 7-Zip. Hata hivyo zote mbili zimewahi kukutwa na matundu ya usalama. La WinRAR lililotangazwa 2019 lilikuwa kwenye sehemu ya kufungua mafaili ya ACE na lilikaa humo zaidi ya miaka 19, hadi toleo la 5.70 likaiondoa sehemu hiyo. 7-Zip nayo haijisasishi yenyewe: ukiiweka leo, miaka mitatu baadaye utakuwa na toleo lile lile.

Na tukisema ukweli, Windows 11 siku hizi inafungua zip, 7z na RAR bila kuongezewa kitu. Kama hufungi kwa nywila, unaweza usiweke yoyote.

MamaPacha
Kwenye kutafuta faili mnatumia nini? Utafutaji wa Windows unaniletea matokeo ya intaneti wakati mimi nataka barua niliyoandika jana.

Fundi_wa_Zamu
Everything, ya voidtools. Sijaona mshindani wake. Inasoma jedwali lile lile la MFT, na faili likizaliwa au kubadilishwa jina linaonekana papo hapo. Andika kipande cha jina tu. Kwa kawaida hutafuta majina, si maneno yaliyomo ndani ya faili. Kama unakumbuka sentensi lakini hukumbuki jina, hapo utafutaji wa Windows bado una kazi yake.

Angalizo kwa kompyuta ya familia: Everything inaonyesha majina ya mafaili ya diski nzima, hata yaliyo kwenye folda za watumiaji wengine. Kuyafungua ni suala la ruhusa, lakini majina yanaonekana.

Jicho_la_Tatu
Upande wa nywila, chaguo ni kati ya KeePassXC na Bitwarden, na jibu linategemea vifaa vyako. KeePassXC inaweka kila kitu kwenye faili moja la kdbx linalokaa kwako, halina seva wala akaunti. Ukinakili nywila, inafutwa kwenye ubao wa kunakilia baada ya sekunde 10. Lakini nakala za faili hilo ni jukumu lako. Bitwarden inasawazisha simu na kompyuta yenyewe, na data inafungwa kwa nywila kuu kabla haijaondoka kwenye kifaa. Mwenye kompyuta moja achukue KeePassXC. Familia yenye simu nyingi, Bitwarden. Kwa zote mbili, nywila kuu iandikwe kwenye karatasi ikafungiwe mahali salama.

Kibodi_Nyeusi
Nimewaelewa. Zimebaki mbili: nakala rudufu za hizo video nikishazihamisha, na hilo la 7-Zip kutojisasisha.

Fundi_wa_Zamu
Kabla ya kuhamisha, ipime hiyo diski ya nje kwa CrystalDiskInfo. Inasoma taarifa za SMART ambazo diski hujiandikia yenyewe. Bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ukiona njano, tazama mistari ya 05, C5 na C6: inahesabu sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. Namba hizo zikipanda wiki kwa wiki, diski hiyo usiipe kumbukumbu za watoto.

Kwa nakala tumia FreeFileSync, na uchague namna ya kusawazisha kwa makini. Chaguo la "Mirror" linafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake ukifuta video kwenye kompyuta ili upate nafasi, itafutwa na kwenye nakala. Wewe unataka "Update", ambayo inaongeza vipya na kubadilisha vilivyorekebishwa bila kufuta. Na ukishafuta kwenye kompyuta, iliyobaki kwenye diski ya nje si nakala tena, ndiyo yenyewe. Tafuta diski ya pili.

Masasisho ni rahisi. Windows 11 ina winget, kifaa chake cha kuweka na kusasisha programu kwa amri. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika *winget upgrade* upate orodha ya programu zenye matoleo mapya, kisha *winget upgrade --all* zisasishwe zote. Kuweka 7-Zip mara ya kwanza ni *winget install 7zip.7zip*. Njia hii inakuepusha pia na matangazo yanayojitokeza juu ya matokeo ya utafutaji, yenye kitufe kikubwa cha kupakua kinachokupeleka kwingine kabisa.

MamaPacha
Hiyo winget na Everything inaikubali?

Fundi_wa_Zamu
Inaikubali, mama. *winget install voidtools.Everything*.