Ekstensheni inapata moto, nifuate I²R au V²/R?

MamaChapati_Sinza: Wakuu habari za leo, naomba kueleweshwa. Nina kigenge cha chai hapa Sinza, umeme navuta kutoka ndani kwa ekstensheni ya mita 20, ile ya waya mwembamba wa 0.75 (milimita za mraba), nachomeka birika tu basi, ila waya unapata moto mpaka unaogopa kuushika. Mdogo wangu wa form three anasema pawa ni karenti mara karenti mara ukinzani, yani ukinzani mkubwa na moto mkubwa. Halafu daftari hilohilo lina volti mara volti gawanya kwa ukinzani, hapo ukinzani mkubwa unapunguza pawa!! Nishike ipi?

fundi_buguruni: Zote sawa dada, shida watu wanachukua zile volti 230 wanazipachika popote. Volti unayoweka ni ya kile kitu chenyewe. Birika la wati 2200 lina ukinzani kama ohm 24, waya wako kwenda na kurudi ni mita 40, hapo ni kama ohm 1. Jumla 25, so 230 gawanya 25 unapata ampia 9.2, na hiyo 9.2 inapita kote kote, kwenye waya na kwenye birika. Waya: 9.2 x 9.2 x 1 = wati 85, ni sawa na balbu ya kizamani imejificha humo ndani. Sasa jaribu ya pili, waya umebakiwa na volti 9.2 tu (ampia 9.2 x ohm 1), 9.2 x 9.2 gawanya 1, si 85 ileile? Na birika linabaki na wati 2030 hivi ndo maana chai inachelewa. LUKU (mita ya umeme) inakata zote, za waya na za birika.

Kibo_Tz: Nunua waya wa 2.5, ukinzani unashuka kwenye 0.3, moto unabaki wati 27 hivi. Na usiutumie ukiwa umekunjwa, joto halina pa kutokea.

MamaChapati_Sinza: Asanteni sana. Na jirani akichomeka pasi yake ya wati 1000 humohumo?

fundi_buguruni: Weee! Karenti inafika 13, kwenye waya 13 x 13 x 1 ni wati 169, moto mara mbili wakati karenti haijafika hata mara moja na nusu. Na fyuzi ya plagi yenyewe ni 13. Mwambie akapigie pasi kwake 😂