Mazoezi ya kumkinga mzee asianguke

Mjukuu, Newala
Habari zenu, ndugu zangu. Bibi yangu, mwenye miaka 74, ameanguka mara mbili tangu msimu wa korosho uliopita, zote alfajiri akielekea chooni uani. Hakuvunjika, ila hofu imemwingia na sasa anashinda mkekani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko mbali nasi. Je, kutembea kunatosha?

Mtaalamu wa viungo, Lindi
Mpe pole bibi. Kutembea peke yake hakutoshi, kwa sababu kinachomkinga mzee ni nguvu za mapaja pamoja na uwezo wa kuuweka mwili sawa usiyumbe, na vyote viwili hupungua upesi kwa mtu anayeshinda ameketi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya namna hii angalau siku 3 kwa wiki.

Chukueni kiti kizito, mkiegemeze ukutani, naye asimame na kuketi polepole, mara tano hivi kwa kuanzia, akijisukuma kwa mikono pale tu anaposhindwa. Kigoda cha jikoni msikitumie. Kuinuka hapo kunawatoa jasho hata vijana. Kisha ashike nondo za dirisha, anyanyue visigino na kuvishusha taratibu. Akizoea, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, nawe ukiwa kando yake. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Masasi
Mimi nimeshtushwa na hiyo alfajiri. Je, bibi anatumia dawa za presha? Baadhi yake hushusha presha ghafla mtu anapoinuka, kwa hiyo aketi kwanza kitandani, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Mtazame na malapa yake, maana yaliyolika soli huteleza vibaya kwenye umande.

Mjukuu, Newala
Asanteni sana. Dawa za presha anazitumia. Mazoezi aanze leo?

Mtaalamu wa viungo, Lindi
Kwa kuwa ameanguka mara mbili, mpelekeni kwanza zahanati apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na macho yaangaliwe pia. Dawa asiziache kwa uamuzi wake. Kwa sasa, akiwa ameketi kitini, anyooshe goti moja moja na kulishikilia kidogo kabla ya kulishusha.